Programu ya Video ya Nyumbani: Uhamie Toleo Jipya au Ubaki Ulipo?

Tarehe 21 Juni 2011 kampuni ya Apple ilitoa toleo jipya la Final Cut Pro kwa dola 299.99. Liliandikwa upya kuanzia msingi, likawa na kasi kuliko lililotangulia. Ila halikuweza kufungua kazi iliyoanzwa kwenye toleo la 7. Aliyekuwa amekata nusu ya harusi, nusu bado, asingeweza kuimalizia ndani ya programu mpya, na ile ya zamani ilikuwa imeondolewa sokoni. Malalamiko yalizidi hadi Apple ikawarudishia baadhi ya wateja fedha zao. Uwezo wa kuhariri picha za kamera kadhaa kwa pamoja, ambao toleo la zamani lilikuwa nao, haukurudi hadi Januari 2012.

Haikuwa mara ya kwanza. Agosti 2007 kampuni hiyohiyo ilibadilisha iMovie, programu ya watu wa nyumbani kabisa, ikaondoa mstari wa muda ambao kila mtu alikuwa ameuzoea. Kelele zilipopanda, walionunua toleo jipya waliruhusiwa kupakua bure lile la zamani, iMovie HD 6. Yaani aliyelipia la leo alionyeshwa njia ya kurudi kwenye la jana.

Sivitaji visa hivi kwa kuwa Apple ni mbaya kuliko wengine. Final Cut ya leo ni programu nzuri, na walioinunua mwaka ule waliendelea kupata matoleo yaliyofuata bila kulipa tena kwa zaidi ya miaka kumi. Navitaja kwa sababu mtu anayejiuliza kama ahamie toleo jipya kwa kawaida huangalia orodha ya mambo mapya iliyoandikwa na muuzaji, na jibu lake halimo humo. Limo kwenye mafaili yanayotoka kwenye kamera au simu yake, kwenye mashine iliyo mezani, na kwenye kazi za zamani alizozihifadhi. Muuzaji hana haja ya kuyataja hayo.

Hiyo orodha ya mambo mapya yenyewe ina ahadi nyingi ambazo haziwezi kutimia. Chukua video ya sherehe iliyorekodiwa ukumbini kwa simu. Picha inapepesa, mistari myeusi inapanda na kushuka ukutani. Mwenye video hufikiri programu yake imezeeka. Kumbe ni umeme. Umeme wa Tanzania na Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, taa nyingi hupepesa mara 100, na simu nyingi zinakuja zimepangwa kurekodi fremu 30 kwa sekunde, kasi iliyozoeleka Marekani ambako umeme ni wa mizunguko 60. Namba 30 haigawi 100 sawasawa, 25 inagawa. Kwenye iPhone kuna mahali pa kuruhusu fremu 25 za PAL ndani ya mipangilio ya kamera, na kwenye Android nyingi programu ya bure ya Open Camera hukupa nafasi hiyo ikiwa simu yenyewe inaikubali. Mabadiliko hayo ya dakika moja kabla ya bibi harusi kuingia hushinda toleo lolote utakalolinunua kesho yake. Zipo programu zinazoweza kupunguza kupepesa baadaye, lakini zinapunguza tu, tena kwa kuichosha mashine.

Hali ni hiyohiyo kwa picha iliyorekodiwa gizani na kwa kamera iliyotikisika mno.

Kwa sauti mambo ni tofauti, na hapa wauzaji wana haki ya kujisifu. DaVinci Resolve Studio ilipata mwishoni mwa 2022 chombo cha kutenga sauti ya mtu na kelele zinazomzunguka, na Premiere Pro ikaleta cha kwake kwa watumiaji wote 2024. Mzee anayetoa nasaha huku jenereta likiunguruma nyuma ya hema, zamani hakuna ambaye angemsikia. Sasa anasikika. Ukiwa na maktaba ya video za namna hiyo, huo peke yake ni msingi wa kutosha wa kuhama, na sitabishana na anayehama kwa ajili yake.

Lakini jaribu kwa lugha yako kabla ya kulipa. Premiere Pro ilipoanza mwaka 2021 kugeuza maneno yaliyosemwa kuwa maandishi ya chini ya picha, Kiswahili hakikuwemo kwenye orodha ya lugha. Sifa inayotangazwa kwa herufi kubwa kule kwao inaweza isiwe na kazi hata moja kwa familia ya Tanga au Mombasa. Mwenye haja hiyo atapata msaada zaidi kwenye Whisper, mfumo ambao OpenAI iliutoa bure Septemba 2022 na ambao unakitambua Kiswahili, ingawa atalazimika kusahihisha mengi kwa mkono. Na Whisper haikudai ubadilishe programu yako ya kuhariri.

Sasa tuje kwenye mafaili, maana hapo ndipo watu wengi husukumwa kuhama bila kujua nani kawasukuma.

Enzi za kanda za MiniDV, tangu 1995, saa moja ya video ilikuwa takriban GB 13 na kila fremu ilihifadhiwa ikiwa kamili. Kompyuta dhaifu iliweza kuikata kwa sababu haikuwa na hesabu kubwa ya kufanya. Kisha ikaja H.264 mwaka 2003 na HEVC mwaka 2013, mifumo inayobana video kwa kuhifadhi fremu moja kamili kila baada ya muda, halafu zinazofuata zikaandikwa kama tofauti tu: nini kimesogea, nini kimebaki. Ukitaka kuona fremu ya katikati, kompyuta lazima ikokotoe zilizotangulia. Faili linakuwa dogo, kazi inakuwa kubwa. Apple ilipotoa iOS 11 mwaka 2017, simu zake kuanzia iPhone 7 zikaanza kurekodi kwa HEVC bila kumuuliza mtu. Dakika moja ya 4K kwa fremu 30, iliyokuwa kama MB 350, ikashuka hadi kama MB 170. Nafasi kwenye simu ilipona. Kompyuta ya nyumbani ndiyo iliyolipa.

Mwenye programu ya mwaka 2014 aliyepewa video za simu hizo aliona moja kati ya mambo haya: faili halifunguki, au sauti inasikika na picha ni nyeusi, au vyote vipo lakini vinakwenda kwa kukwama. Kwa iPhone 12 ya mwaka 2020 likaongezeka jingine, kwamba picha zilizorekodiwa kwa rangi pana za HDR zilionekana zimepauka ndani ya programu za zamani kama shati lililoanikwa juani mwezi mzima. Na kuna tatizo la simu karibu zote: hazishiki kasi moja ya fremu. Zikipata joto au giza, hupunguza. Programu iliyoandikwa kwa kamera za zamani huamini kwamba kasi haibadiliki, hivyo kufikia dakika ya kumi mdomo wa mzungumzaji na sauti yake vimeachana. Premiere Pro yenyewe haikushughulikia jambo hilo hadi 2018.

Ukikutana na dalili hizo, programu yako imezeeka kweli. Hata hivyo kuhama si dawa pekee. HandBrake, ya bure, hugeuza faili la simu kuwa H.264 yenye kasi moja ya fremu, na programu ya zamani ikalipokea. Kwa mtu anayehariri video tatu kwa mwaka, Idi, harusi na mahafali, kugeuza mafaili usiku kucha akiwa amelala ni rahisi kuliko kujifunza programu mpya. Kwa anayehariri kila wiki ni mateso, na huyo ahame.

Pia kuna njia ya nakala nyepesi. Programu inatengeneza nakala ndogo ya kila klipu, unakata ukitumia hizo ndogo, na wakati wa kutoa video inarudi kwenye mafaili halisi. Kdenlive, Shotcut, Resolve na Premiere zote zinafanya hivyo. Nimeona watu wakinunua laptopu nyingine kwa tatizo ambalo kitufe hicho kingelimaliza, na sina uhakika kama wauzaji wa laptopu wana haraka ya kukitaja.

Hapo tumefika kwenye mashine, na mashine ndiyo bei iliyofichwa. Soko letu limejaa laptopu zilizotumika zilizotoka Ulaya na Dubai. Mnunuzi mzoefu huuliza kama ni i5 au i7, wakati kwa video swali la maana ni kizazi. Chipu za Intel za kizazi cha sita zina sehemu maalumu ya kufungua HEVC ya kawaida. Ile ya biti 10, ambayo simu za HDR hurekodi, ilianza na kizazi cha saba. Kwa hiyo HP EliteBook 840 G4 yenye i5 ya kizazi cha saba inaweza kucheza faili ambalo G3 yenye i7 ya kizazi cha sita inalikwamia, ingawa kwa macho zinafanana na G3 huenda ikauzwa ghali zaidi kwa sababu ya hiyo i7. Programu mpya ikiwekwa kwenye mashine isiyo na sehemu hiyo haiwi na kasi. Mara nyingi inakuwa nzito kuliko iliyoondolewa, kwa sababu imeandikwa kwa kutarajia kadi ya michoro yenye nguvu. DaVinci Resolve kwa laptopu yenye GB 4 za RAM ni kujitafutia presha. Kwa kazi ya kueleweka inataka GB 16.

Mnyororo unaendelea. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka, isipokuwa chipu chache, kizazi cha nane na kuendelea. Programu mpya zitaendelea kuegemea Windows 11. Anayedhani ananunua programu ya dola mia anaweza kujikuta amenunua pia mfumo mpya wa uendeshaji, kompyuta mpya, na diski ya nje kwa kuwa sasa anarekodi 4K. Upande wa Mac ni hivyohivyo: macOS High Sierra ya mwaka 2017 iliacha kuifungua Final Cut Pro 7, na Catalina ya mwaka 2019 ikakataa programu zote za biti 32. Mwenye kamera ya kanda inayounganishwa kwa FireWire naye akae chonjo, kwani macOS Tahoe ya 2025 imeondoa kabisa njia hiyo. Kama bado una kanda za harusi ya wazazi ambazo hujazinakili, zinakili kabla ya kusasisha chochote.

Kazi za zamani ndizo zinazosahaulika kuliko yote. Faili la mradi, yaani lile linalokumbuka umekata wapi na umeweka muziki gani, si video. Ni maelekezo yanayosomeka na programu moja, na kwa kawaida husomeka kwenda mbele tu. Ukiufungua mradi wa Premiere, Resolve au Final Cut ndani ya toleo jipya, unageuzwa, na toleo la zamani halitaufungua tena ukiwa katika sura hiyo. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake si hoja. Lakini shemeji aliyeko Muscat akikutumia mradi aliouanza kwenye toleo la mwaka huu nawe una la miaka mitano iliyopita, mtaishia kutumiana lawama. Mafundi wanaotumia nakala za kraki wanalijua hili vizuri: wamenasa kwenye toleo ambalo mtu fulani alilivunja mwaka fulani, na mteja akija na mradi mpya hawana la kufanya. Virusi vinavyosafiri na kraki hizo ni sababu ya pili ya kuziepuka. Kunasa huko ni ya kwanza.

Na programu hufa. Movie Maker, iliyokuja na Windows Me mwaka 2000 na kufundisha watu wengi kukata video, ilisitishwa rasmi tarehe 10 Januari 2017. Mafaili yake ya mradi sasa ni maelekezo yasiyo na msomaji. Vegas ilihama kutoka Sony kwenda Magix mwaka 2016. Pinnacle Studio imepita mikononi mwa Avid na kisha Corel. Mwenye akili huuchukulia mradi kama kitu cha kupita, na kile kinachobaki ni video iliyokamilika kwa ubora wa juu pamoja na klipu zake halisi. Mwenye hivyo viwili anaweza kuhama leo, kesho au asihame kamwe. Asiye navyo ni mateka wa kampuni.

Kuhusu bei, mambo yamebadilika tangu Adobe itangaze Mei 2013 kwamba haitauza tena matoleo mapya ya Premiere Pro kwa malipo ya mara moja. Anayelipa kwa mwezi haulizwi tena kama anataka kuhama. Anahamishwa, na akiacha kulipa programu inafungwa. Kwa bei ya Marekani ya miaka ya karibuni ni dola 22.99 kwa mwezi ukifunga mkataba wa mwaka, kiasi cha dola 276. Resolve Studio ni dola 295 mara moja. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe, ikidai kwamba iliwaficha wateja ada ya kujitoa mapema kwenye mkataba huo, kwa hiyo soma masharti ya kutoka kabla ya yale ya kuingia. Hata Premiere Elements, iliyokuwa kimbilio la mtu wa nyumbani asiyetaka kulipa kila mwezi, imebadilika: toleo la 2025, lililouzwa kwa dola 99.99, lilikuja na leseni ya miaka mitatu tu. Ikiisha, programu haifanyi kazi. Kwa maoni yangu mwenye Elements ya zamani inayofungua video zake asiiuze wala kuifuta, kwa sababu ile ni yake.

Zile za bure zimeondoa hoja kubwa ya kulipia. Resolve ya bure inatoa video hadi 4K ya kawaida bila kubandika nembo yake juu ya picha. Shotcut na Kdenlive ni programu huria, hazina ada, na zinavumilia mashine ya wastani. Clipchamp, ambayo Microsoft iliinunua 2021 na kuiweka ndani ya Windows 11, inatosha kwa sherehe ya kuzaliwa. Mtu wa nyumbani anayelipia leo anapaswa kuweza kutaja kitu kimoja ambacho hizi hazimfanyii.

Kwenye simu, ambako Waswahili wengi ndiko wanakohariri, swali lenyewe limenyakuliwa. CapCut hujisasisha usiku, asubuhi kitufe kimehama, na kilichokuwa bure jana leo kinadai malipo. Waliokuwa Marekani tarehe 18 Januari 2025 waliona zaidi ya hapo: CapCut, mali ya ByteDance, ilizimwa pamoja na TikTok usiku mmoja, na ilichukua hadi Februari kurudi kwenye maduka ya programu. Unachoweza kufanya ni kuzima usasishaji wa kiotomatiki kwa programu hiyo pale Play Store, na kutoa kila video ikikamilika badala ya kuiacha ndani kama rasimu. Usisasishe wiki ya harusi.

Nani basi ahame? Ahame ambaye simu au kamera yake inatoa mafaili yasiyofunguka na ambaye kuyageuza kunamla muda kila wiki. Ahame anayehitaji kuokoa sauti zilizoharibika, na ambaye programu yake imeachwa na mwenye nayo kiasi cha kuwa hatari: mwaka 2016 wataalamu wa usalama wa mtandao wa serikali ya Marekani waliwataka watu waiondoe QuickTime kwenye Windows kwa sababu Apple ilikuwa imeacha kuziba mianya yake. Wengine wote wabaki. Kama video zinafunguka, mikato inakwenda na video ikitoka inachezeka kwenye televisheni ya sebuleni na kwenye WhatsApp ya shangazi, hakuna unachokosa isipokuwa mabango ya matangazo.

Na ukiamua kuhama, usiondoe ya zamani. Iweke mpya pembeni yake, tumia muda wa majaribio, ambao kwa Premiere ni siku 7 tu, na uijaribu kwa klipu zako mwenyewe zilizorekodiwa ukumbini, siyo zile nzuri za muuzaji. Nakili folda ya miradi kwenye diski nyingine, kisha ufungue nakala, usifungue halisi. Video zilizokamilika zitoe zote kwa MP4 ya ubora wa juu kabla ya siku hiyo. Bei yoyote ya punguzo inayokwisha usiku wa leo iache ipite; itarudi.